Kichwa Kilichokatisha Posho

Jumatatu, 9 Septemba
Baba kapiga simu kutoka Ujerumani anakojenga majumba ya watu. Kule mzazi hulipwa posho ya mtoto hata mtoto akiwa huku kwetu Bulgaria. Ila nimetimiza miaka kumi na minane, wanataka kujua kama bado nasoma. Nasoma! Darasa lilelile la mwaka jana, lakini nasoma. Posho ikiendelea, napata pikipiki. Ikikatika, naenda kubeba saruji na Baba.

Jumanne
Kesho mama wa ofisi ya posho kule Ujerumani atanihoji kwa video. Binamu yangu Ralitsa, ajuaye Kijerumani, kataka kutafsiri, mradi nimpakie kwenye pikipiki. Nikamwambia changu kinatosha. Kauliza ni kipi hicho, cha kuagizia bia? Wivu huo.

Jumatano
Nimemaliza kazi. Bibi yangu Stoyna alikuwa uani akichoma pilipili hoho, moshi tele, mimi nywele nimechana. Baba, naye yumo kwenye video, akataka kudakia, mama yule akamnyamazisha. Akauliza kitu chenye neno shule. Nikatikisa kichwa kushoto kulia, kama mtu wa heshima: ndiyo, mama. Akauliza la kazi. Nikainamisha kichwa kwa nguvu: hapana, hata siku moja. Baba kajifunika uso. Fahari ile.

Ijumaa
Posho imesimamishwa. Kumbe vichwa vya Wajerumani viko kinyume na vyetu! Mama yule kaelewa nimeacha shule na nimeajiriwa. Baba alipojitetea kaambiwa kijana kasema mwenyewe. Ralitsa kacheka mpaka kakalia beseni la pilipili. Bibi kasema kichwa hiki changu ni cha kuvalia kofia tu.

Jumamosi
Nimefanya mazoezi kiooni. Chini, ndiyo. Kando, hapana. Bibi kauliza kama nataka supu. Nikainamisha. Kampa Ralitsa.

Jumapili
Baba kapiga kwa video. Kauliza nimpelekee barua ya shule ajaribu tena, au niende tu nikabebe saruji, nataka? Mtandao ukameza sauti yangu. Kichwa kikafika. Nikakitikisa kando mpaka shingo ikalia. Baba kalengwalengwa na machozi, eti hakujua mwanawe ana moyo hivyo. Tiketi kakata palepale.

Jumanne, ndani ya basi
Mafundi wa kwetu wamejaa humu, hakuna ajuaye vichwa vya Wajerumani. Nitawafundisha kwa ada ndogo. Wa kwanza kauliza kama nina hakika nayajua haya. Nikainamisha kichwa, taratibu, kitaalamu.
Kageukia dirishani. Sijui kaudhiwa na nini.