Hotuba ya Kuzindua Mpango wa Mkono Mkavu

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Baraza la Chuo, Mheshimiwa Makamu wake, Mheshimiwa anayekaimu nafasi ya Makamu, wazee wetu wa Mbagala, wenzangu wa meza kuu kwa vyeo vyenu na vitambi vyenu, nanyi vijana kumi na saba ambao Jumanne ile ya mafuriko ya Aprili mlipoteza magodoro, vitabu na mtihani wa mwisho kwa asubuhi moja. Itifaki naomba ijizingatie yenyewe, jua ni kali. (Makofi ya meza kuu.)

Mimi, Dokta Adelard, Mkurugenzi wa Ustawi, Ustahimilivu na Masuala Mtambuka, nasimama hapa kifua mbele kutamka kwamba chuo hakikulala. Maji yalipoingia majumbani mwenu, sisi tuliingia vikaoni. Tuliunda kamati, kamati ikazaa kamati ndogo, kamati ndogo ikazaa kikosi kazi, na kikosi kazi kikapanda Lushoto kwa wakshopu ya siku tano, ili wajumbe wayatazame mafuriko kwa mtazamo wa juu. Huko ikapatikana fremuweki, ikapatikana rodimapu, na takwimu zinaonyesha kuwa asilimia mia moja na nne ya waathirika wamekwishafikiwa, na waliosalia wanaendelea kufikiwa. (Sauti kutoka nyuma: "Wamefikiwa na maji, mzee." Vicheko.)

Utaratibu wenyewe ni mwepesi. Mwanafunzi atakayekumbwa na mafuriko atatoa taarifa kwa maandishi siku tatu kabla hayajatokea, ataambatanisha picha ya nyumba ikiwa ndani ya maji, na muhuri wa mwenyekiti wa mtaa. (Sauti: "Mwenyekiti mwenyewe alikuwa juu ya paa.") Basi augonge hukohuko.

Tena nimeupata ujumbe wenu kwamba kati ya kumi na saba, kumi na mmoja mmedisko. Nilitokwa na machozi ya fahari. Nikasema, huu ndio ustahimilivu: maji kiunoni, na bado vijana wanacheza muziki. Papo hapo nikaelekeza mletewe spika mbili kubwa. (Minong'ono. Binti mmoja amesimama, Tupokigwe, mwaka wa tatu, ualimu wa hisabati. "Shikamoo mzee. Kudisko ni kufukuzwa chuo. Hatukufika kwenye mtihani, tukapewa sifuri, tukafukuzwa. Mie nauliza tu, mtihani maalumu naufanya lini?")

Marahaba, mwanangu. Swali zuri sana, na kwa uzuri wake si haki kulijibu kwa haraka. Mimi nilisomea ng'ambo, ambako disko ni disko. Hata hivyo tusikutazame kufukuzwa kwa jicho hasi: chuo kimepunguza idadi ya wanafunzi walio hatarini kwa asilimia sitini na tano, kwa sababu aliyekwisha kuondoka hayuko hatarini tena. (Meza kuu inaanza kupiga makofi, kisha inaacha.)

Sasa nikisema Mkono Mkavu, nyie mseme Umetufikia. Mkono Mkavu! (Sauti: "Mkavu au mtupu?") Mkono Mkavu! (Kimya.) Nimewasikia.

Kwa kumalizia, nawashukuru wafadhili ambao tukishawapata watatufadhili, nawashukuru wataalamu ambao tukishapata fungu tutawaajiri, na zaidi nawashukuru ninyi kwa kukaa vizuri mbele ya kamera, kwani picha hizi ndizo tutakazoambatanisha kwenye maombi ya kibali cha kufikiria kuanzisha mpango huu niliouzindua.

(Tupokigwe hajakaa. "Mzee, kufukuzwa kwetu hakujathibitishwa bado; Seneti inapitisha majina Ijumaa saa nane mchana. Langu likipita kwa waliofukuzwa, miaka mitatu imekwenda na maji. Kwa hiyo Ijumaa saa sita kamili tutakuwa mlangoni kwako, wote kumi na mmoja. Usituletee spika, wala rodimapu. Tuambie neno moja tu: mtihani upo, au haupo?")