Toca kwa C

Jumatatu, 5 Machi 1979

Siwezi kukaa kitako. Nimezunguka chumbani mpaka mke wangu Mukai amesema nitatoboa sakafu ya nyumba ya Reli na tutafukuzwa hapa Makongeni bila kupenda. Hajui yaliyonipata. Mzee Ngui, mwenyekiti wa ukumbi wetu, ametoa hukumu. Bendi ina gitaa moja na wapigaji wawili, mimi na Phares, tunapokezana kila wiki. Fahali wawili hawakai zizi moja, amesema. Jumamosi tunakwenda Kilimani kwa Mhispania anayetafuta mpiga gitaa wa sherehe zake. Atakayechaguliwa, gitaa ni lake moja kwa moja. Atakayeachwa atapewa kayamba.

Kayamba! Mimi! Vidole vimeota sugu kwa nyuzi, leo nikatikise mbegu ndani ya matete?

Tatizo ni moja tu. Phares anapiga vizuri kuliko mimi. Naandika hapa kwa sababu hakuna anayesoma. Ni seremala wa Gikomba, mikono imejaa makovu, na bado akishika gitaa watoto wachanga wanaacha kulia. Inaudhi sana.

Kwa hiyo sitashindana naye kwa gitaa. Nitashindana kwa lugha.

Jumanne, 6 Machi

Bahati! Adoyo, jirani yetu mlango wa tatu, ni mfanyakazi wa nyumbani kwa Mhispania yuleyule, Bwana Eusebio. Leo alikuwa na mapumziko. Nikampelekea mandazi ya Mukai (Mukai anadhani ni panya) na kumwomba anifundishe Kihispania chote.

Akacheka. Akasema chote hana, ana neno moja tu, lakini hilo hulisikia kutwa nzima: toka. Wao huandika toca, kwa c. Ameliona kwenye kitabu cha piano cha mtoto.

Nikamuuliza kama wanafukuzana kutwa nzima. Akasema hata paka hafukuzwi. Mgeni akibisha mlango, toca. Mtoto akikaa kwenye piano, toca. Bwana akikamata gitaa lake, toca.

Nikaruka. Piga! Kupiga hodi, kupiga piano, kupiga gitaa! Toca ni piga yao! Na kwa Kiswahili tunapiga nini? Ni nini ambacho hatupigi! Picha, pasi, kura, magoti, mluzi, simu. Neno moja, na nusu ya lugha iko mfukoni.

Adoyo akasema kuna jambo moja linamtatiza. Mtoto akinyoosha mkono kwenye keki, Señora, yaani mama mwenye nyumba, humkemea: no se toca! Nikafikiri kidogo. Hakuna shida. Hata sisi tunapiga chai. Mtoto anakatazwa kuipiga keki kabla ya wageni. Nilimwonea Adoyo huruma kwa kukosa akili ya lugha.

Alhamisi, 8 Machi

Nimefanya mazoezi popote nilipo. Kazini, kwenye ofisi ya vifurushi, nilimwagiza karani mwenzangu atoke simu, akatoka nje, hakurudi mpaka saa ya chai. Nyumbani nikamwambia Mukai atoke pasi shati langu jeupe. Akanishika paji la uso.

Mchana nikapiga simu Kilimani kwa simu ya Reli. Akapokea Adoyo, kwa kunong'ona. Nimepata mawili mapya. Bwana akijigonga kifua na kushika gitaa husema toco. Hiyo ni "mimi napiga". Na watoto wakicheza ludo, mmoja humpa mwenzake dadu na kumwambia te toca. Hiyo ni zamu yako, piga. Sana ni mucho, hilo nalijua tangu enzi za santuri. Nilitaka pia kuuliza wanasemaje kumpigia mtu, lakini Señora akamwita. Haidhuru. Mtu mzima huunganisha mwenyewe.

Jioni Phares akaja. Aliniuliza kwa upole atafanyaje mbele ya Mzungu asije akatuaibisha. Nikamshauri kama ndugu: asibishane, asiulize. Akisikia neno analolijua, atii papo hapo. Moyoni nilikuwa nacheka. Kwenye sikio la Phares toca ni toka, na Phares ni mtiifu kupita kiasi.

Alinishukuru! Akaacha kigoda alichomchongea mwanangu Kioko. Niliona vibaya. Kisha nikakumbuka kayamba.

Jumamosi, 10 Machi

Sijavua hata viatu. Naandika hivyohivyo.

Tulifika alasiri, wageni wameketi bustanini. Bwana Eusebio ni mtu mnene, mcheshi, Kiswahili chake ni jambo na asante, basi. Akamnyooshea Phares kidole: te toca!

Phares akanitazama. Akalaza gitaa kwenye nyasi taratibu, akainamisha kichwa, akashukuru, akaelekea getini. Nilijiuma ulimi nisicheke.

Adoyo akaharibu kila kitu. Akaweka sinia chini, akamweleza Bwana kwa mikono kwamba kwetu neno hilo hufukuza watu. Bwana akacheka mpaka akafuta machozi. Akalirudia, toka, toka, huku akionyesha geti, kama mtoto aliyenunuliwa filimbi. Akamkimbilia Phares, akamrudisha kwa mkono wake mwenyewe. Phares akapiga. Wageni wakasahau vinywaji vyao. Mimi pia nilisahau kumchukia, kwa dakika chache.

Ikawa zamu yangu. Gitaa peke yake lisingeniokoa. Nikaenda mpaka mbele ya Señora, nikapiga goti, nikatangaza kwamba wimbo huu nampigia yeye. Toco Señora!

Hakuna aliyepiga makofi. Labda hawakusikia. Nikapaza sauti: toco Señora mucho!

Bwana Eusebio akawa mwekundu kama nyanya. Furaha, nikadhani. Akasimama. Toka! Nikapiga. Toka! Nikapiga kwa nguvu zaidi. Toka, toka! Tangu nizaliwe sijashangiliwa hivyo. Nilikuwa nimefumba macho kwa raha pale askari wa geti aliponibeba, mimi na gitaa.

Jumapili, 11 Machi

Baada ya kanisa Adoyo alinieleza, akitazama pembeni. Toca pia ni kugusa. Keki haikuwa ya kupigwa wala nini. Mtoto alikatazwa kuigusa. Kwa hiyo nimemwambia mwanamume mbele ya wageni wake kwamba namgusa mkewe. Sana. Na ile toka ya Bwana ilikuwa yetu, ya k, alikuwa amejifunza saa ileile.

Nilitamani ardhi inimeze. Mzee Ngui akaleta kayamba. Phares aliomba tuendelee kupokezana gitaa, Mzee akakataa. Phares akamwambia kwamba kama si ushauri wangu wa kutii, Bwana asingecheka wala kumpenda. Hakunisimanga. Alikuwa ananishukuru kwa dhati! Hilo limeniuma kuliko kayamba. Mukai akasema mchimba kisima huingia mwenyewe.

Jumatano, 14 Machi

Nimetafakari. Kosa si langu. Sikio halijui c wala k. Nani ameapa kwamba Bwana alisema ya k? Adoyo? Yeye ana neno moja, mimi nina matatu!

Nimebandika tangazo ukumbini: Masomo ya Kihispania, mwalimu Mativo. Phares amekuwa wa kwanza kujiandikisha. Ataona.

Tangu alfajiri nafanya mazoezi ya kayamba humu ndani. Majirani wamegonga ukuta mara kadhaa, nadhani wanafuata mdundo. Sasa Mukai amefungua mlango wazi, ameshika viatu vyangu mkononi, ananiambia toca. Tena kwa sauti kubwa, na matamshi safi kabisa. Sikujua anafundishika hivi. Ngoja nimpigie.