Farasi wa Tatu

Jumatatu, 4 Machi
Baba mkwe amesafiri hadi Jumamosi. Ameniachia nyumba na sataranji yake ya mbao. Akikuta kila kitu sawa, chumba cha uani ni changu, kiwe karakana. La sivyo anapewa shemeji, kaka wa mke wangu, aweke spika zake za kukodisha. Nikafungua sanduku la kete, kuangalia tu. Kati ya farasi wawili weupe, mmoja hayumo! Shemeji amepita dirishani akipiga mluzi. Namshuku.

Jumanne, 5 Machi
Nimepata akili. Farasi wa pili yupo. Nitamtengenezea kalibu ya silikoni, ule mpira wa kumimina, kisha nimimine humo rezini nyeupe, plastiki ya maji inayoganda, nipate pacha. Muuza rangi amenieleza: zamisha farasi nusu kwenye udongo, mimina silikoni. Ikishika, geuza, toa udongo, paka mafuta ya mgando, mimina nusu ya pili. Nikauliza kwa nini rezini hutoa joto. Kabla hajajibu nikauliza kama mende anaweza kugandishwa humo. Ameniomba niwapishe wateja.

Jumatano, 6 Machi
Nusu ya kwanza safi. Hata nywele za shingo zimeingia. Nimemimina ya pili. Mke wangu ameuliza mbona kopo la mafuta ya mgando halijafunguliwa. Nimemwambia asimvuruge fundi.

Alhamisi, 7 Machi
Nusu mbili zimeshikana, zimekuwa tofali moja la mpira. Farasi yumo ndani. Jumatatu nilikuwa na mmoja, leo sina hata huyo. Shemeji ameliweka tofali sikioni, akauliza kama mnyama ameshakula majani. Nimelipasua kwa wembe jasho likinitoka. Farasi ametoka mzima.

Ijumaa, 8 Machi
Kalibu nimeifunga kwa kamba, rezini nimemimina. Muuza rangi alisema isiguswe hadi kesho. Kesho ni mbali. Hivi sasa inafananaje humo ndani? Nimefungua kidogo. Nimemgusa farasi paji la uso kwa kidole gumba. Inanata. Nimefunga.

Jumamosi, 9 Machi
Farasi wangu ameingia sandukuni aking'aa, na alama ya gumba usoni. Nani ataangalia?
Baba mkwe amerudi. Ametoa kitambaa mfukoni, ndani yake farasi mweupe. Kumbe alimpeleka kwa seremala kuungwa sikio! Akawapanga mezani: weupe watatu. Akamgeuza wangu kwenye mwanga, akanishika mkono, akalipachika gumba langu kwenye alama. Likakaa barabara.
“Mwanangu,” akasema, “wewe unayemuuliza kila mtu kila kitu, mimi ulishindwa kunipigia simu?”
Spika za shemeji zimeingia chumbani kabla ya chai.

Jumapili, 10 Machi
Baba mkwe amelala mchana. Meno yake ya bandia yako jikoni, kwenye glasi. Sijawahi kuyaona kwa karibu. Hushikaje bila gundi? Silikoni imebaki nusu kopo. Nikimpa seti ya akiba, huenda chumba kikarudi.
Mafuta ya mgando mke wangu ameyaficha. Si kitu. Meno yameloa, yatateleza yenyewe.
Nimwulize kwanza? Hapana. Nitamharibia usingizi.