Baba Mkubwa Ndani ya Ukungu

Leo nimefedheheka, tena mbele ya televisheni ya baba yangu mzazi. Ninaandika nikiwa nimerudi kwangu Makoko, hapa Musoma, kamera nimeitia kabatini chini ya mashuka. Nawaomba mnisome hadi mwisho kabla ya kunipa pole, maana huenda mkaona sistahili.

Wengi wenu mnajua kwamba nimekuwa mpiga picha. (Mnajua kwa sababu nimewaambia. Kila siku.) Nimefikia umri ambao wenzangu wanaanza kufuga kuku, mimi nilinunua kamera. Nimewatumia machweo ya ziwa hadi mkaacha kujibu. Nimewatumia mawe ya Musoma kwa pembe zote ambazo jiwe linazo, na kila jiwe nimeliandika jina langu pembeni, kana kwamba kuna mtu angeliiba. Nimezidharau simu zenu. Zaidi ya yote nimeupenda ukungu: ule ufundi wa kumtoa mtu akiwa amekolea, na kila kilicho nyuma yake kikayeyuka. Tangu nilipojua kuufanya, sikupiga tena picha isiyo na ukungu.

Sasa jambo la leo. Baba anaishi Butiama. Kaka yake, yaani baba yangu mkubwa, analima pamba kule Guta. Hawakuwa wakizungumza tangu nikiwa shule ya msingi. Babu alipofariki, ng'ombe waligawanywa wakati Baba Mkubwa yuko Bunda kwenye kazi ya kinu cha pamba. Hakuitwa. Kila alipolieleza jambo hilo alitumia maneno yaleyale, kwamba waligawa kama vile yeye hayupo. Dada yangu Bhoke amekwenda na kurudi kati yao kwa miaka, na hatimaye Baba Mkubwa alikubali kuja kula kwa mdogo wake. Ombi lake lilikuwa moja: ipigwe picha yao wawili, isafishwe nakala mbili, kila mmoja aitundike ukutani kwake, ili watoto wajue yameisha.

Nilimwambia Bhoke kwamba mpiga picha yupo. (Hakuwa ameuliza.)

Nilifika asubuhi kamera ikiwa kifuani, jina la kampuni likitazama watu. Nikaanza na mlango wa jiko, ule wa mbao zilizopasuka. Mlango una hisia. Nikahamia kwenye mafiga, nikarudi kwenye mlango. Bhoke alipotoa simu yake, nilimweleza, kwa upole wa mtu aliyetazama video nyingi za mafunzo, kwamba simu zingeniharibia kazi. Nikawaomba wote waziweke mfukoni. Waliziweka. Sehemu hii bado inauma.

Baba Mkubwa alishuka kwenye pikipiki akiwa na koti jeusi lililopigwa pasi na fimbo mkononi. Baba akatoka ndani. Wakatazamana. Kisha wakashikana mikono kwa muda mrefu, na Mama akaanza kulia. Mimi nilikuwa wapi? Nilikuwa nimeinamia kioo cha kamera, nakagua mlango.

Nikawaendea, nikawaomba kwa heshima zote warudie.

"Mkono huu nimekaa nao tangu wewe unavaa kaptula," Baba akasema. "Leo nimeutoa. Unataka niurudishe ili niutoe tena?"

Baba Mkubwa akacheka. Walicheka pamoja, wale wazee wawili. Kama ningekuwa na busara ningeishia hapo.

Wakakaa wenyewe kwenye viti, bega kwa bega, mikono magotini, viatu vimelingana. Nikawaambia hiyo ni picha ya kitambulisho. Nikamweka Baba mbele, karibu nami, kwenye mwanga. Baba Mkubwa nikamsimamisha mbali nyuma yake, kwenye kivuli cha ukuta.

"Mimi ndiye mkubwa," akasema. "Huku nyuma nafanya nini?"

"Unaleta kina, Baba Mkubwa."

"Naleta nini?"

"Kina."

Akamgeukia mdogo wake. "Huyu ndiye yule mliyemsomesha mpaka chuo kikuu?"

"Ndiye," Baba akajibu. "Huwaga hivyo."

Nikaifungua lenzi hadi mwisho wake, pale ukungu unapozidi, nikapiga. Nikalikuza jicho la Baba kwenye kioo: kope zinahesabika. Nikatangaza kwamba imetoka. Hapohapo betri ikaisha (nilikuwa nimeimalizia kwenye mlango), na sikujali hata kidogo. Mabwana wakubwa wa picha hupiga mara moja.

Ningeweza kwanza kuitazama peke yangu. La. Nilitaka ukoo uione ikiwa kubwa. Wakati ugali na samaki vinapangwa mezani, nikachomoa kadi ya picha, nikaiunganisha na televisheni, nikawaita wote wakae.

Baba alitokea vizuri ajabu. Kila mkunjo, kila mvi. Nasimamia kauli hiyo hata sasa. Nyuma yake kulikuwa na kitu kirefu, cheusi, kama moshi wa tanuri la matofali.

Mama, kwa nia njema kabisa, akauliza, "Shemeji alikuwa ametoka kidogo?"

Ndipo nikaeleza kwamba ukungu ule ni wa makusudi. (Narudia, ili mwone kina cha upumbavu: nilisema ni wa makusudi.) Nikaongeza kwamba jicho la mtazamaji lazima limwendee mhusika mkuu, na vingine vyote ni mandharinyuma.

Baba Mkubwa akainuka, akaisogelea televisheni, akaugusa ule moshi kwa kidole.

"Miaka yote nasema hapa nyumbani sionekani," akasema taratibu. "Mkaniita mgomvi. Leo mmenipa ushahidi."

Bhoke alikuwa ameshatoa simu apige upya, anambembeleza arudi kitini. Baba Mkubwa alikuwa ameshavaa kofia yake. Baba akamsihi akae wale kwanza.

"Ugali wangu mpeni anayeonekana."

Tukasikia pikipiki ikiondoka. Bhoke hakunigombeza. Aliichukua ile sahani safi ya Baba Mkubwa, akaenda kuiosha. Bora angenigombeza.

Jioni Baba akampigia simu kaka yake. Hakuwa amewahi kumpigia yeye mwenyewe. Walizungumza kwa muda mrefu kwa lugha ya nyumbani, na mara mbili nililisikia jina langu likitamkwa kama jina la ugonjwa. Alipokata, akatupa majibu. Baba Mkubwa atarudi Jumamosi. Atakula. Picha itapigwa kwa simu ya Bhoke, viti sambamba, viatu vionekane.

"Ana sharti moja," Baba akaniambia. "Usiwepo."

"Nisiwepo na kamera?"

"Usiwepo."

Nikamuuliza kama amelikubali. Akasema ndilo jambo la kwanza ambalo yeye na kaka yake wamekubaliana bila kubishana tangu Babu afariki.

Basi Jumamosi mapatano ya ukoo wetu yatakamilika, kila mtu atatoka wazi kama mchana, nami nitakuwa huku Makoko na mawe yangu. Atakayetaka kucheka, namwomba asimame mbali nyuma yangu, pale kwenye ukungu, nisimwone.