Medali ya Baharini, Mto wa Mchanga

Kibwezi, Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Naandika shajara hii ili siku nitakapovishwa medali, asitokee mtu wa kudai kwamba tukio halikuwa na kumbukumbu rasmi. Mimi, Kyule Munyao, mwenye shahada ya Uhusiano wa Kimataifa, bila ajira mwaka wa pili sasa, nimeokoa baharia! Chama kimoja cha mabaharia wastaafu kinatunuku medali kwa waokoao mabaharia baharini. Jirani yetu, Mzee Gicheru, alikuwa mpishi melini. Jumamosi shimo lake la maji, alilochimba kwenye mchanga wa mto uliokauka, lilimporomokea, mchanga ukamfika kifuani. Alitolewa hai. Nilikuwepo.

Fomu inauliza: bahari gani? Nimejaza: Bahari Hindi, sehemu ya juu. Mto wetu huishia huko, mvua ikinyesha.

Jumanne, 7 Oktoba

Mzee Gicheru amekataa kutia sahihi! Anasema alikaa melini miaka thelathini bila kulowa soksi, hawezi kuandikwa kwamba alizama Kibwezi wakati wa kiangazi. Nimemwahidi picha gazetini. Ametia sahihi. Ameuliza kama avae kofia ya upishi.

Jumatano, 8 Oktoba

Fedheha! Wavinya, ambaye shimo lake limepakana na la Mzee, amenisimamisha mbele ya wateka maji wote. Alitaka kujua medali ni ya kushika kamba au ya kushika simu, maana kamba aliifunga yeye, punda wake akavuta, nami nikapiga video. "Na hata hiyo video, Kyule, ni kidole chako tu kinaonekana!" Nilimweleza kwa heshima kwamba uratibu pia ni uokoaji. Walicheka hadi mitungi ikamwagika.

Nyumbani, pigo jingine: Mama amekwisha kumwambia pasta. Ibada ya shukrani ni Jumapili, na mbuzi amechaguliwa. Nikikosa medali nitaketi wapi kanisani?

Alhamisi, 9 Oktoba

Chama kimejibu! Wajumbe wanasafiri kesho kwa barabara ya Mombasa na watasimama hapa. Wanaomba waonyeshwe mahali na namna ya uokoaji. Namna! Hilo sikulitarajia.

Nimechimba shimo jipya, jembamba, wima kabisa. Kila mtoto wa hapa anajua kwamba mchanga huchimbwa kwa upana, kuta zikilala. Mzee Gicheru ni mtu wa Nyeri, kwenye mito yenye maji, hakujua, ndiyo maana akazama. Mimi najua. Lakini shimo pana halitishi.

Ijumaa, 10 Oktoba

Siamini. Mzee alilichungulia shimo, akasema hilo analijua, haingii. Nikaingia mwenyewe, na suti yangu ya mahafali. Nikainua mkono kuwasalimu wageni. Ukuta ukashuka! Mchanga kifuani! Nilipiga mayowe kwa Kikamba. Kiswahili sanifu kilinitoka chote. Wavinya hakuuliza neno. Kamba, punda, nikatoka na kiatu kimoja.

Mwenyekiti wao alipiga makofi. Akasema hajawahi kuonyeshwa namna kwa ufasaha kiasi hicho, akauliza aliyemtoa Mzee ni nani. Mto mzima ulijibu: Wavinya! Medali ilikuwa mfukoni mwa Mwenyekiti muda wote. Alimvisha pale pale.

Jumapili, 12 Oktoba

Mbuzi alikuwa wetu, shukrani zikawa za Wavinya. Pasta alinitaja pia, katika orodha ya waliookolewa.

Nimetafakari kwa kina. Kosa lilikuwa moja tu: Wavinya alikuwa karibu. Basi nimechimba shimo jingine, jembamba zaidi. Mzee amekubali kuzama upya, mradi kofia ionekane. Kamba na punda nimeazima kwa Wavinya mwenyewe, nitavitumia atakapokuwa sokoni. Tunakutana mtoni Jumanne, saa tisa alasiri kamili.