Friji ya Mama Haina Mtandao

Jumatatu, 3 Machi
Sijawahi kumwambia mtu. Utafiti wangu wa mashindano ya sayansi unasema anwani za mtandao zinakwisha, lakini shuleni kwetu hazikwishi. Ruta, kile kisanduku cha kugawa mtandao kwenye maabara ya kompyuta, huipa kila kompyuta anwani yake ndipo iingie mtandaoni, na nyingine hubaki tele. Mwalimu wa kompyuta atachagua utafiti mmoja tu. Profesa, ndivyo tunavyomwita msichana wa dawati la mbele, anaandika jinsi ruta kubwa zinavyoelemewa na njia nyingi za kukumbuka. Ana michoro ya rangi. Mimi nina mafua.

Jumanne, 4 Machi
Mwalimu kanipa neno la siri la ruta, eti mimi mtulivu. Nimeanza kuweka anwani za akiba, zisipewe kompyuta nyingine. Simu nitakayonunua. Friji ya mama. Mke wangu wa baadaye. Nimeona haya, lakini nimemwekea. Kazi inachosha. Nimeendelea mpaka kengele.

Jumatano, 5 Machi
Zimekwisha! Kompyuta za nyuma zimekosa anwani. Nimechora grafu. Mwalimu akasema kumbe naona mbali, utafiti wangu ndio utakaokwenda. Profesa akauliza mbona uhaba umenisubiri mimi. Nikapiga chafya.

Alhamisi, 6 Machi
Mwalimu mkuu naye kakosa mtandao. Nimeteuliwa kumtafuta mhusika. Nimejichunguza mchana kutwa, nikaripoti kwamba mahitaji yamekua. Nyumbani dada akasema nimekaa kama mwizi wa sukari.

Ijumaa, 7 Machi
Mwisho wa kutuma, saa kumi. Nikawasha kompyuta. Haina anwani. Ili nifute akiba lazima niingie kwenye ruta, na ili niingie nahitaji anwani. Ya Profesa tu ilikuwa mtandaoni. Nikamwomba kiti, nikafungua orodha ya akiba. Akasimama nyuma yangu, akasoma yote.
"Friji ya mama yako inasoma barua pepe?"
Nikasogeza orodha chini.
"Na huyu mke, ana habari?"
Akaniambia nifute kwanza, nitume baadaye. Nikafuta. Ruta ikajizima ijiwashe upya. Ilipowaka, saa kumi ilikuwa imepita.

Jumatatu, 10 Machi
Shule haikupeleka utafiti wowote. Profesa hakunisemea. Mwalimu akanipa pole, akasema uhaba umeniponza mwenyewe, basi utafiti ulikuwa wa kweli. Maktaba imepata ruta mpya, akanikabidhi mimi.
Nimeiwasha. Nikaweka akiba ya kompyuta ya Profesa, asije akakosa. Kisha ya simu yake. Kisha ya friji yake.