Usaili Unaoishia Mlangoni

Umma unatangaziwa, kwa furaha isiyo na kifani, kwamba Mamlaka ya Uratibu wa Ukarimu, Kanda ya Kilosa na Mikumi, imefuta maswali yote kwenye usaili wa kazi. Utafiti wa kina wa Bwana Cosmas, kaimu meneja, alioufanya akiwa amekaa kitini, ulibaini kuwa mfanyakazi mzuri anaonekana tangu mlangoni. Maswali ya nini tena?

Mwongozo aliutunga mwenyewe, na aliukariri kuliko sala zake. Mdogo humwamkia mkubwa, shikamoo iliyonyooka. Asiyeamkia hafai kwa nafasi yoyote ndani ya Mamlaka. Anayeitikia marahaba ndiye mwenye kikao. Na barua za maombi zisisomwe, zisije zikaharibu mwonekano wa kwanza.

Siku ya usaili Cosmas alikuwa na lake rohoni. Ukaimu ulikuwa umemganda miaka, hadi mkewe akawa anamwita "kaimu baba" mbele ya watoto. Sasa Bi Loveth, bosi wa utumishi kutoka makao makuu, alikuwa amekuja kushuhudia usaili. Akiridhika, Cosmas angethibitishwa kuwa meneja kamili.

Nafasi ilikuwa moja, ya mpishi wa hosteli ya wageni pale Mikumi. Wa kwanza kuingia alikuwa kijana Ashrafu, kutoka Rudewa.

"Shikamooni!"

"Umeamkia mlango ukiwa wazi," Cosmas akasema. "Nusu ya heshima imetoka nje."

"Lakini mzee, mimi pilau langu..."

"Pilau ni mambo ya ndani, kijana. Sisi tuko kwenye mwonekano. Nenda."

"Si tunatafuta mpishi?" Bi Loveth akauliza.

"Kupika atapika akishaajiriwa, bosi."

Mara, "Hodi!"

"Karibu!"

Akaingia Mama Hildegarda wa Mamboya, mtu mzima hasa, mvi zikichungulia chini ya kilemba. Akafunga mlango vizuri. Akasimama, akangoja. Jopo nalo likangoja.

Hebu niambie, ni desturi gani ya kumfanya mama yule amwamkie Cosmas, rika la kitinda mimba wake? Haipo. Ida, katibu wa jopo, binti aliyelelewa akaleleka, akafungua mdomo: "Shi..." Cosmas akamkanyaga mguu chini ya meza.

"Jopo halianzi!" akanong'ona.

"Kwani humu mmefiwa?" Mama Hildegarda akauliza. "Mbona kimya?"

"Mama, wewe ndiye msailiwa. Unatakiwa kuamkia."

"Nikuamkie wewe? Weee! Mama yako anajua unayoyasema huku?"

Bi Loveth akamgeukia Cosmas. "Mwongozo wako unasemaje?"

Alijua fika unavyosema. Akidai yeye ndiye mkubwa, hata kuku wa nje wangemcheka. Akinyamaza, hafai kwa nafasi yoyote, na umeneja umeota mbawa. Akainuka, akafunga kifungo cha koti, aibu imemjaa hadi masikioni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Haya, kaa."

Basi hapo kikao kikawa cha mama, mwongozo ni mwongozo. Ida na Bi Loveth nao wakaamkia fasta, wakaitikiwa. Kisha Bi Loveth akamweleza mwenye kikao, kwa adabu zote, kwamba huyu bwana anaomba kuthibitishwa umeneja.

Mama Hildegarda akavuta kiti. Akamtazama Cosmas kuanzia kipara mpaka viatu.

"Unajua kazi gani, baba?"

Cosmas akafikiri sana. "Najua kumtambua mtu mzuri tangu mlangoni."

"Eeh. Na mimi, mlangoni pale, ulinionaje?"

Cosmas akamtazama Ida. Ida alikuwa anajisugua mguu.

Mama Hildegarda na Bi Loveth wakatazamana.

"Haya baba," mama akasema kwa upole, "nimekuona. Wewe tangulia nyumbani, tutakupigia simu."